Chuo si Darajani

Nimefanya kazi na watu wabaya wengi, na karibu wote nshawasamehe. Mmoja aliniibia muhadhara mzima akausoma mbele ya macho yangu, na mpaka leo tukikutana tunapeana mkono. Mwengine alinisengenya miaka na miaka, na alipokufa nilikwenda kwenye msiba wake na machozi yakanitoka ya kweli. Msajili sijamsamehe, na wala sina haraka.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, kwa sababu ukoo wake haukumkosea mtu. Inatosha ijulikane kwamba alikuwa msajili wa chuo nilichokuwa nikisomesha, kile kilichopo nje ya mji kwenye njia ya kuelekea mashamba, na kwamba Mji Mkongwe tulikuwa majirani. Milango yetu ilitazamana katika kichochoro ambacho watu wawili wenye makapu hawapishani mpaka mmoja arudi nyuma. Kwa hiyo mchana nilikuwa naye kazini na jioni nilikuwa naye nyumbani. Hakuna aliyenipa pole.

Kazi ya msajili ni kusajili wanafunzi. Yeye hiyo aliwaachia makarani, akajishughulisha na wale ambao si wanafunzi. Hao ndio waliomkosesha usingizi. Alivaa suti ya kaunda iliyopigwa pasi mpaka mistari yake ikawa kama imechorwa, na shingoni alitundika filimbi, filimbi ya refa hasa. Alitembea kwa ncha za vidole ili amfumanie mtu. Ukimsikia anapuliza, ujue kuna mama amekatisha kwenye majani ya chuo na mzigo wake wa kuni kichwani.

Maana kabla ya kuja kwake, watu wa kijiji cha jirani walikuwa wakipita ndani ya chuo kwenda mashambani kwao. Njia ilikuwepo kabla ya chuo. Yeye akaleta waya, akaleta lango, akaleta na mabango. Bango la langoni lilisema kwamba hapana ruhusa ya kuingia bila ya kibali na kwamba sheria itachukua mkondo wake. Bango la kwenye mfereji wa kutekea maji lilisema hivyo hivyo. Hata mshelisheli wetu aliupigilia bango, kwamba asiyekuwa mwanafunzi wala mfanyakazi asiokote matunda. Wazee wa kijiji walipokuja kulalamika aliwapokea kwa kauli yake aipendayo: "Chuo si Darajani, kila mtu apite anavyotaka."

"Kweli si Darajani," mzee mmoja akamjibu. "Sokoni Darajani mtu hurudi na samaki."

Sheria yenyewe si mbaya, na sitaki mtu aseme namchukia kwa sababu ya sheria. Mahali pana mwenyewe. Ukiingia bila ya ruhusa, au ukaingia kwa ruhusa kisha ukaambiwa utoke ukakataa, umekosa, na katika chuo chenye dahalia ya kulala wasichana mia kadhaa ni lazima awepo mtu wa kuuliza huyu nani na anataka nini. Nakumbuka kuna bwana mmoja aliyekuwa akija kujibanza nyuma ya dahalia nyakati za kuoga. Msajili alimngoja kwenye kichaka, akamkamata mwenyewe kwa mkono, akampeleka polisi. Siku hiyo nilimpa mkono na nilimpa kwa moyo mmoja. Ningependa kusema kuna siku nyengine kama hiyo, lakini nimetafuta sana sijaiona.

Nyumbani kwake alikuwa na baraza nzuri ya mawe, pana, inayopata kivuli tangu asubuhi. Kila mtu anajua kazi ya baraza katika mji wetu. Mtu akichoka anakaa, akipita na habari anakaa, na mwenye nyumba akitoka anakaa naye. Msajili aliandika kwa rangi nyekundu juu ya baraza ile: HAPANA RUHUSA KUKAA. Hakuna aliyebishana naye. Watu walisoma, wakapita, na tangu siku hiyo waliokaa pale walikuwa paka.

Kisha akafa mkwewe. Wanaume wakaja kumpa mkono wa pole kama ada, kichochoro kikajaa, na hakuna hata mmoja aliyekaa. Walisimama wima juani, wazee na fimbo zao, wakimsomea marehemu. Mkewe alimwita ndani akamwambia maneno ambayo mtaa mzima tuliyasikia, na Msajili akatoka na jamvi akalitandika juu ya maandishi. Watu wakakaa. Matanga yalipokwisha alilikunja jamvi lake akaliingiza ndani, na maandishi yakabaki pale pale, mekundu vile vile.

La msikiti lilikuwa kubwa zaidi. Chuo kilikuwa na msikiti wake, na watu wa kijiji walikuwa wakija kusali Ijumaa kwa sababu wao kwao hapasaliwi Ijumaa. Msajili akaweka bango kwamba msikiti ni wa wanafunzi na wafanyakazi tu. Imamu wetu, aliyekuwa mwalimu wa Kiarabu, alimwambia kwamba nyumba ya Mwenyezi Mungu haiwekewi kibali. Msajili akamjibu kwamba nyumba ni ya Mwenyezi Mungu lakini kiwanja ni cha chuo.

Ikaingia likizo. Wanafunzi wakaenda makwao, na sisi wanawake tulikuwa ofisini tunasahihisha mitihani, dirisha letu likitazama langoni. Ijumaa ya kwanza adhana ikatolewa, imamu akageuka akawahesabu watu wake, na hawakutimia. Kwa madhehebu yetu sala ya Ijumaa haisihi mpaka wapatikane wanaume arubaini, na walikuwemo makarani, wapishi, walinzi na walimu wachache waliokuwa wanasinzia. Tukamwona Msajili anatoka mbio na kanzu yake, filimbi juu ya kanzu, anasimama langoni na kuwapungia mkono wakulima waliokuwa wanarudi na majembe.

"Njooni, njooni, imamu anakungojeni!"

Wale watu wakasimama nje ya lango. Mkubwa wao, yule yule wa samaki wa Darajani, akatua jembe lake.

"Sisi hatuna vibali, Msajili."

"Ingieni tu leo."

"Laa. Sheria ni sheria. Bango umeliandika wewe, nasi tunakuheshimu. Tuandikie."

Na akaandika. Wallahi aliandika. Aliinama langoni, karatasi juu ya goti, akamwandikia kila mmoja kibali cha kusali, huku imamu yuko juu ya mimbari anangoja na jua linateremka. Tulicheka mpaka mwenzangu mmoja akalala juu ya meza. Chuo kilipofunguka wanafunzi wakarudi, arubaini wakapatikana kwa wepesi, na wale wazee wakazuiwa tena. Siku hizi wanasali mbali zaidi, na watoto wao wakipita karibu na waya wetu hawatazami ndani.

Lakini nisiwachekeshe watu kupita kiasi, kwa sababu mtu wa kuchekesha tu nisingekuwa nimemchukia. Kulikuwa na magari. Yalikuja Alkhamisi alasiri, yenye vioo vyeusi, yakisimama mbele ya dahalia yakipiga honi, na wasichana wengine walipanda wakicheka na wengine walipanda bila ya kucheka. Magari yale hayakuulizwa kibali. Msajili aliyafungulia lango kwa mkono wake mwenyewe na akainamisha kichwa. Watalii nao wakiingia na kofia zao kupiga picha, yeye ndiye aliyewatembeza akiwaonyesha hata jikoni. Nilimwuliza siku moja, mbele ya watu, inakuwaje mama wa kuni avamie na gari jeusi lisivamie.

"Wale wageni, Mwalimu," alisema, na alinitazama kama anayenisomesha. "Mvamizi huja kwa miguu."

Nadhani hiyo ndiyo sentensi ya kweli kabisa aliyowahi kuisema. Alikuwa hodari wa kuogopa watu, na alichokiita sheria kilikuwa ni woga wake umevaa suti. Mtu mwenye nguvu alimwona kuwa mgeni hata akija kuharibu. Asiyekuwa na nguvu alimwona mwizi hata akija kusali.

Sasa nifike kwa Zuwena, kwa sababu bila ya Zuwena ningekwisha kumsahau.

Zuwena alikuwa mwanafunzi wangu, mtoto wa Chwaka, anayesomea ualimu wa hisabati. Alikuwa kimya darasani mpaka hesabu iwe ngumu, hapo ndipo alipofumbua mdomo. Skuli ya kwao haikuwa na mwalimu wa kike wa hisabati hata mmoja, na yeye alishaitazama nafasi ile tangu yuko mtoto, akaapa kwamba ni yake. Alifika mwaka wa mwisho, ikabaki mitihani ya mwisho. Wakati ule ule posa yake ikakamilika. Mchumba alikuwa anafanya kazi Maskati, ruhusa yake fupi, na harusi ikapangwa Ijumaa inayofuata mtihani wa mwisho kabisa. Haikuwezekana kuisogeza mbele wala nyuma.

Mwari kwetu hafiki kwenye ndoa yake hivi hivi. Hutiwa ndani, asionekane na jua, akasuguliwa singo yenye liwa na mawaridi, akafukizwa udi, akatiwa hina, na somo wake akawa karibu naye kumfundisha yanayofundishwa. Zuwena angetiwa ndani Chwaka, asingeweza kufanya mitihani. Angefanya mitihani, asingetiwa ndani, na mama yake alisema hatamtoa mwanawe mkavu kama samaki wa ng'onda. Ndipo wanawake wakapata shauri lao. Mwari atatiwa ndani dahalia. Atatoka kwenda kwenye mtihani amejifunika gubigubi, atarudi moja kwa moja, na somo atamfuata huko huko. Niliambiwa nikasema ni shauri zuri, na leo pia nasema ni shauri zuri.

Somo alikuwa Bi Kidawa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupeleka mbali, aliyeshawatoa wari wengi hapa mjini. Alikuja na kapu lake, akapita lango, akaingia chumbani kwa Zuwena, na wasichana wenzake wakakusanyika kumpigia vigelegele na kuimba. Kazi ikaendelea kwa siku kadhaa. Kilichowaponza ni harufu. Huwezi kusugua singo na kufukiza udi katika jengo la chuo lenye kunuka dawa ya mbu, isimfike Msajili puani. Alikuja kwa ncha za vidole vyake mpaka chini ya dirisha akaanza kupuliza.

"Toka nje! Nani humo? Toka!"

"Tuko na mwari humu!" Bi Kidawa akajibu kutoka ndani. "Mwanamme hapigi kelele mlangoni kwa mwari. Nenda zako, baba!"

Hakutoka mpaka alipomaliza kumsugua mkono wa pili, kwa sababu mwari haachwi nusu. Alipotoka alikuta sheha wa kijiji na polisi wanamngoja. Akapandishwa gari na kapu lake. Lakini Msajili alijua kwamba Bi Kidawa si wake, akishampeleka polisi amekwisha naye. Aliyekuwa wake ni Zuwena. Jioni ile ile alimwandikia kwamba amesimamishwa masomo kwa kuhifadhi mvamizi, mpaka kamati ya nidhamu ikae kesho yake saa nane mchana. Na kwa kanuni aliyoitunga yeye mwenyewe, mwanafunzi aliyesimamishwa ni mtu wa nje. Usiku Zuwena akalala kwa jamaa zake mjini, na mtihani wake wa hisabati ulikuwa asubuhi.

Niliwakuta langoni nilipofika kazini. Zuwena amesimama nje ya waya, buibui mpaka chini, mikono imejaa hina mpya nyekundu, ameshika kalamu na rula. Ndani amesimama Makame, mlinzi wetu, na pembeni ya Makame, Msajili.

"Hodi, Mzee Makame," Zuwena alisema.

Makame akatazama viatu vyake.

"Hodi."

"Huyu mvamizi," Msajili akasema. "Akivuka, namwita polisi. Jana nimewaita na leo nitawaita."

Nilimsihi. Nilimwambia afanye mtihani kwanza, kamati imhukumu baadaye, karatasi zake zifungiwe kabatini mpaka hukumu itoke. Nilimkumbusha kwamba naye ana binti. Nilikwenda kumtafuta Mkuu wa Chuo nikaambiwa yuko wizarani hatarudi mpaka mchana. Nikarudi langoni, Zuwena yuko pale pale, na kengele ya kuanza mtihani imeshalia. Hakulia. Alikuwa akisoma midomoni, na mpaka leo sijui kama ilikuwa dua au kanuni za hesabu. Alisimama mpaka kengele ya kumaliza, akaitia rula ndani ya buibui, akaondoka.

Kamati ilikaa mchana. Bi Kidawa aliletwa kutoka polisi, akakaa kwenye kiti cha mbele akajipepea. Mkuu wa Chuo akamwuliza Makame mama huyu aliingiaje.

"Kwa langoni, Mheshimiwa. Alipiga hodi."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia karibu." Makame alijikunja kama aliyekiri wizi. "Mtu mzima kapiga hodi, nimjibu nini?"

"Ungemjibu hapana!" Msajili akapiga meza.

Chumba kizima kikamtazama. Hakuna hata mmoja wetu, na nadhani hata yeye mwenyewe, aliyewahi katika maisha yake kusikia hodi ikijibiwa hapana.

"Basi huyu mama kaingia kwa ruhusa ya mlinzi wetu," Mkuu akasema. "Si mvamizi."

"Nilimwamrisha atoke akakataa! Nilipuliza filimbi!"

"Filimbi niliisikia," Bi Kidawa akasema. "Nikajua watoto wanacheza mpira."

Watu wakacheka, Mkuu akacheka, na kesi ikafa hapo. Bi Kidawa aliombwa radhi akapewa soda. Zuwena akarudishiwa uanafunzi wake kamili, bila ya doa, alasiri. Mtihani ulikuwa wa asubuhi.

Aliambiwa atakuja kuufanya mwaka unaofuata. Mwaka unaofuata alikuwa Maskati na mimba. Uliofuata alikuwa na mtoto mchanga, na halafu kanuni ikasema miaka imepita mingi, aanze upya. Nani anaanza upya?

Msajili alistaafu kwa sherehe. Alipewa saa ya ukutani, akahama mtaa wetu.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka jana, Chwaka. Mkuu wetu wa zamani, ambaye ni wa huko, alikuwa amefariki, na tulikwenda kwenye hitima wengi kutoka mjini. Baada ya kusoma, watu wa kijiji walitugawa majumbani mwao tukapumzike na tupate kahawa, kama wafanyavyo. Mimi nilishikwa mkono na Zuwena. Alirudi kutoka Maskati baada ya mumewe kuumia mgongo, na sasa wanaishi kwa mwani anaoulima na kuuanika. Amekonda, mikono imechunwa na chumvi. Tulipofika uwanjani kwake tulikuta watoto wa jirani wamekaa chini na madaftari yao, na ubao umeegemezwa ukutani umejaa hesabu. Aliwaambia waende, warudi jioni.

Mumewe naye alikuwa ameletewa wageni wake wa kiume. Walikaa barazani, na mmoja wao alikuwa Msajili. Amezeeka, suti ni ile ile. Zuwena alimwamkia, akatoa vikombe, akamimina kahawa. Alimjua tangu alipomwona tu, niliona alivyokaza shingo. Msajili hakumjua. Alikuwa anatazama ubao.

"Unasomesha, mwanangu?"

"Nawasaidia tu, baba."

"Hesabu hizi si za kusaidia tu. Umesomea ualimu?"

"Nilisomea. Sikumaliza."

"Kwa nini?"

"Mtihani ulinipita."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko, na aliwageukia wale wanaume wenzake ili wote wafaidi. "Ndivyo walivyo watoto wa kike. Tuliwawekea kila kitu. Dahalia, ulinzi, waya pande zote. Wao mbio kuolewa. Ungemaliza, mwanangu, leo skuli hii ya hapa ungekuwa wewe ndiye mwalimu wake. Umejipotezea mwenyewe."

"Msajili," nikasema, "huyu ni Zuwena. Ulimsimamisha langoni na hina mkononi, mtihani ukafanywa ndani yeye yuko nje. Ni wewe."

Ndipo alipomtazama usoni. Mumewe Zuwena aliinamisha kichwa. Nilingoja, na nasema wazi nilichokuwa nangoja: nilitaka aone haya, hata kidogo, hata kwa jicho tu.

"Kama nilimzuia," alisema, "basi siku ile hakuwa na kibali."

Akanyoosha kikombe aongezewe. Zuwena akammiminia taratibu, isimwagike hata tone. Mimi nisingemmiminia hata maji ya mvua.